Ufunguo wa Kabati la Harusi

Jumamosi, 2 Agosti

Miaka sita nimeuvaa ufunguo shingoni. Ufunguo wa kabati la chuma, studio ya Bi Shatha, hapa Chake Chake. Ndani ya kabati diski kumi na moja. Ndani ya diski harusi zote tulizorikodi tangu studio ifunguliwe, tena za upande wa wanawake: mabibi harusi vichwa wazi, mashangazi wanacheza, kila kitu. Mwanamume haruhusiwi kuona hata kipande. Mimi Jecha sijafungua hata faili moja. Ndiyo maana nikapewa ufunguo! Kwa uaminifu! Nani mwengine angevumilia?

Sasa kaja Thuraiya. Ana miezi miwili tu. Diploma ya kompyuta kutoka Unguja, miwani, sauti ndogo. Bi Shatha anamwita mwanangu. Mpaka mwezi wa sita mwanangu nilikuwa mimi. Hata feni imegeuzwa upande wake. Nimeipima kwa karatasi: kwangu upepo haufiki kabisa.

Leo Bi Shatha katuita sote wawili. Kasema msimu wa harusi unakaribia, kabati limejaa, kila mmoja alete pendekezo lake la namna ya kuhifadhi kazi za studio. Alhamisi atachagua. Atakayeshinda ndiye atakayeshika ufunguo.

Shindano! La ufunguo ulioko shingoni kwangu!

Jumapili, 3 Agosti

Nimelisoma pendekezo la Thuraiya. Sikuchungulia. Lilikuwa wazi kabisa juu ya meza yake, chini ya daftari, ndani ya bahasha. Anataka kisanduku chenye diski mbili, kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye ya pili. Halafu nakala ya tatu ikae nje ya studio, nyumbani kwa Bi Shatha, Wawi, kukitokea moto au mwizi. Halafu kila wiki afungue harusi moja, atazame kama inacheza.

Kitu kimoja mara tatu! Uroho huo. Mtu mwenye akili huweka vitu vyote pahala pamoja ili ajue viko wapi.

Na hilo la kutazama, ana lake jambo. Daftari langu la kabati linaonesha kaazima diski zote kumi na moja, moja moja, tangu mwezi wa saba. Anasaini, anaondoka nayo, kesho yake anairudisha. Anajistarehesha na harusi za watu, huyo! Mie nikiomba feni igeuzwe dakika tano, ati nina makuu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempata! Suhail, muuza simu wa sokoni, ana diski mpya kutoka Dubai. Terabaiti kumi na sita, na haizidi kibiriti! Kisanduku cha Thuraiya, pamoja na mbwembwe zake zote, ni terabaiti nane. Nane! Nikamuuliza Suhail mbona ndogo hivi. Akasema ndivyo teknolojia inavyokwenda. Nikamuuliza nitajuaje kama ni nzima. Akaichomeka, ikawaka taa ya buluu. Zangu za zamani zina taa nyeupe tu.

Wala hataki pesa. Anataka tubadilishane: mimi nimpe zile kumi na moja, yeye anipe hii. Masikini Suhail, biashara haijui.

Jumanne, 5 Agosti

Nimehamisha. Tangu jana alasiri, mlango wa stoo nimeukomea. Kompyuta imesema imekamilika mara kumi na moja. Kufungua nione kama zinacheza? Hasha! Mimi si Thuraiya. Nimeangalia majina tu. Yote yapo. Taa buluu.

Kisha nikazifuta zile za zamani, moja baada ya moja, usibaki hata ukucha wa bibi harusi. Siwezi kumkabidhi Suhail wake za watu. Mimi mtu wa amana. Nikampelekea ndani ya boksi la biskuti. Kabatini sasa kimelala kitu kimoja tu, katikati. Nimefungua mara nne kukitazama.

Jumatano, 6 Agosti

Sikulala vizuri kwa wivu. Jana Bi Shatha kamletea Thuraiya mkate wa kumimina kutoka kwake. Kwenye sahani, na kawa juu. Mimi kaniuliza tu kama nimeshakunywa chai.

Basi nikaona diski peke yake haitoshi, nataka na wateja upande wangu. Nikampigia Bi Mize, wa kwetu Tumbe, mfanyabiashara wa dagaa. Harusi ya binti yake tuliirikodi sisi miaka minne nyuma, diski namba tano. Nikamwambia kwa siri: hapa kuna msichana mgeni anataka kuzipandisha harusi zote mtandaoni, mtu aliyeko Maskati afungue simu yake amwone mwanenu anavyosingwa mwili kwa manukato. Uongo? Si uongo sana. Kile kisanduku kina tundu la waya wa mtandao, nimeliona kwenye picha.

Bi Mize akavuta astaghfirullahi tatu. Hapo nikajua kazi imekwisha: atampigia Bi Shatha amwambie wateja tunamtaka Jecha.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakupiga. Kaja mwenyewe. Kutoka Tumbe, na pikapu ya dagaa, na wenziwe wawili, kabla sijafungua hata dirisha. Kasema anaitaka harusi ya mwanawe leo hii, mkononi, na hapa kisibaki kitu. Kisha sauti ikampungua. Akamwambia Bi Shatha kwamba si harusi tu. Mama yake yumo mle, kafariki mwaka jana. Hakuna pahala pengine duniani anapoonekana akitembea na kucheka. Alikuwa hataki kupigwa picha maisha yake yote, siku ile tu alisahau.

Bi Shatha akanitazama. Nikaleta diski yangu. Kwa madaha, nakiri. Nikaichomeka mwenyewe, taa ikawaka, nikageukia ukutani kama ada yangu wanawake wanapotazama. Nikasubiri vigelegele.

Nikasikia kipanya kinabonyezwa. Tena. Tena. Thuraiya akasema polepole kwamba hakuna faili inayofunguka. Akajaribu nyengine. Mwisho akasema diski hii ya bandia. Imeandikwa kumi na sita lakini hata harusi moja haiingii nzima. Ikishajaa inajifanya inapokea, kumbe inatupa, inabakisha majina tu. Bi Shatha akauliza zile za zamani ziko wapi. Nikaujibu ukuta.

Bi Mize hakunitukana. Bora angenitukana. Alikaa chini sakafuni, akasema basi mama yangu nimemzika mara mbili. Wallahi nilitamani ukuta ufunguke niingie.

Ndipo Thuraiya akatoka, akarudi na kitu akakiweka mezani. Kisanduku! Kumbe anacho, kaja nacho kutoka Unguja. Kila diski aliyoniazima alikuwa akiinakili. Nikasikia ngoma. Nikasikia bi mkubwa mmoja anamfukuza mpiga video amwondokee asije akaivunja mashine ya watu kwa sura yake, kisha anacheka, kicheko kirefu cha mtu asiye na meno mengi. Bi Mize akalia. Wenziwe wakalia. Bi Shatha akalia. Na mimi pale ukutani, kidogo.

Lakini niseme kweli, hapa peke yangu. Miaka sita nimelinda diski zile, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuzililia kwa furaha.

Ijumaa, 8 Agosti

Bi Shatha kanivua ufunguo kwa mkono wake. Thuraiya hata hakuuvaa. Kautia kwenye mtoto wa meza, pamoja na kalamu! Miaka sita ya shingo yangu!

Baada ya sala ya Ijumaa Thuraiya kaniita pembeni. Kaniambia diski namba tatu na namba nane alizikuta zimeoza zamani, kabla yeye hajafika: majina yapo, lakini faili hazifunguki. Harusi zilizokuwamo zimepotea, na wenyewe bado hawajaja kuuliza. Kamwomba Bi Shatha asilitaje mbele za watu. Ati si kosa langu, nilikatazwa kufungua, na mtu asiyefungua hawezi kujua.

Upole! Mimi nifanyiwe upole na Thuraiya! Angenisema hadharani ningejua la kumjibu.

Bi Mize kapiga simu. Anauliza mtandao gani ule niliomwambia. Nikamwambia simu inakatika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepandishwa cheo! Bi Shatha kasema kila Jumapili nibebe ile nakala ya tatu niipeleke Wawi, niiweke kwenye sanduku lake. Kasema nibebe tu. Kalisema mara tatu, nibebe tu. Lakini cheo ni cheo. Studio ikiungua leo, watu wote watanikimbilia mimi, si Thuraiya. Kanikabidhi Thuraiya mwenyewe, kaniambia nenda salama kaka Jecha. Feni inampuliza mpaka mtandio unapepea.

Njiani nikapita sokoni kumgombeza Suhail. Nimemgombeza sana. Kaapa kwamba naye katapeliwa, ule mzigo wote ulikuwa mbovu. Huu mpya si hivyo. Terabaiti thelathini na mbili! Taa mbili, buluu na kijani! Ya Thuraiya haina taa hata moja, nyeusi tupu.

Safari hii sikukurupuka, nimeshajifunza. Nimehamisha kwenye kompyuta ya Suhail, yeye nimemgeuza ukutani. Majina nimeyaangalia mara mbili. Nimefika Wawi, nimeiweka sandukuni, na inapendeza kweli. Ile ya Thuraiya nimembadilishia Suhail.

Nimeifuta kwanza, bila shaka. Mimi mtu wa amana.