Kikombe cha Kale cha Juzi

Pandelis hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Pandelis alikuwa akipewa, tena kwa kushukuriwa. Ila wiki ile mji mzima wa Athens ulikuwa umemshtukia, hakuna aliyempa hata salamu, na Jumapili ilikuwa inamnyemelea. Jumapili rafiki yake Fotis anaoa, na Pandelis, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, alikuwa amejitolea kuwa msimamizi. Na msimamizi ndiye anayenunua mataji wanayovishwa bwana na bibi harusi kanisani, hakuna mjadala. Akienda mikono mitupu, bora ahamie kisiwani akafuge mbuzi.

Akiwa kwenye lindi hilo la mawazo, akaliona shimo.

Lilikuwa shimo la Menelaos, mwenye hoteli, bahili kupindukia, aliyekuwa akichimba ghala la chini. Kichochoro kilikuwa chembamba, katapila haliingii, kwa hiyo vibarua watatu walichimba kwa sururu, na kila sururu ikigonga jiwe Menelaos alijifanyia ishara ya msalaba. Hakumwogopa shetani. Aliogopa kukuta kitu. Athens ukichimba hata shimo la mlimau ukaibua kigae kimoja cha kale, umekwisha: watu wa Mambo ya Kale watakuja na kamba na viburashi, wakae humo mpaka uote mvi.

Pandelis akaenda moja kwa moja kwenye duka la vitu vya watalii, akaondoka na kikombe kikubwa cha kauri chenye picha ya hekalu la Akropoli, bila kumsumbua muuzaji. Nyumbani akakivunja, akavichemsha vigae kwenye mashapo ya kahawa, akavisugua kwa majivu. Kile chenye hekalu akakitia mfukoni mwa kizibao chenye mifuko mingi, maana nani atamwamini mtaalamu asiye na mifuko?

Asubuhi akapita ukingoni mwa shimo, akateleza kwa ustadi mkubwa, akatumbukia, akainuka na kigae mkononi.

"Pole sana, bosi," akasema kwa sauti ya msibani. "Mimi ni mkaguzi wa Mambo ya Kale."

Menelaos akashika kifua. "Hicho ni kigae cha bafu!"

"Bafu gani lina hekalu? Hiki kina miaka elfu mbili na ushei. Hapa panafungwa."

"Mpaka lini?"

"Una mtoto?"

"Yuko chekechea."

"Basi yeye ndiye atakayeifungua hoteli."

Menelaos akawa mweupe kama jibini. "Ndugu yangu, hatuwezi kuongea kiutu uzima?"

"Rushwa sili," Pandelis akajibu kwa uchungu. "Ila harusi ninayosimamia inaweza kuchangiwa."

"Lete nikione," ikasema sauti. Alikuwa Bi Evanthia, mama mkwe wa Menelaos, ameketi kwenye kiti cha plastiki akimenya maharage. Akakifuta kigae kwa aproni, akakitazama weee. "Mwanangu, umesoma sana wewe."

"Kidogo tu, mama."

"Menelaos, mchangie, tena uchangie vizuri. Ila kikitoka kimoja, si ajabu kumi viko chini. Vibarua wana midomo, warudishe kwao. Mkaguzi atamalizia kuchimba mwenyewe, atuhakikishie. Au nimekosea, mwanangu?"

Pandelis aliwaza mataji ya fedha. Akavua kizibao.

Alichimba. Jua likamchoma utosi, mgongo ukalia, viganja vikachunika. Kila alipoinua kichwa, Bi Evanthia alimhimiza: "Pale kwenye kona, mtaalamu!" Jioni ghala lilikuwa limekamilika, kuta zimenyooka, na hapakuwa na kitu ila soli ya kiatu.

Bi Evanthia akamwekea mkononi ujira wa kibarua mmoja wa kutwa.

"Mama, hatukukubaliana hivi!"

"Njoo nikuulize. Huyu mfinyanzi wa miaka elfu mbili alichora hekalu halina paa. Alijuaje kwamba litakuja kubomoka?"

Pandelis akakitazama kigae. Alikuwa amezaliwa chini ya kilima kile, amelala na kuamka akiliona hekalu liko hivyo hivyo. Haki ya Mungu, haikuwahi kumpitia akilini kwamba hapo kale liliwahi kuwa na paa.

"Na hili hapa pembeni," Bi Evanthia akaendelea, "ni winchi ya mafundi wanaolikarabati. Nayo ya kale? Ondoka, mwanangu, kabla sijawapigia simu wenzako wa ofisini."

Menelaos alicheka mpaka akakaa chini.

Pesa ile ilitosha mataji ya maua ya plastiki. Jumapili, mbele ya padri, Pandelis aliyabadilisha vichwani mwa maharusi mara tatu, kama ipasavyo, akiuma meno kwa maumivu. Kwenye karamu Fotis akamshika mkono amshukuru, akaugeuza, akashtuka.

"Msimamizi! Malengelenge haya! Usiniambie umefanya kazi."

Shangazi mmoja akaweka uma chini. Pandelis akaona jina la ujanja alilolijenga maisha yake yote linaporomoka mbele ya mwanakondoo wa kuoka.

"Kazi? Mimi?" akasema, akijaza glasi. "Nimemliza mwenye hoteli mmoja. Haya ni ya kuhesabu noti."