Mashua ya Chuma kwa Mizani ya Majani Chai

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kipimo cha mwisho leo, saa tisa alasiri. Namba 412: kipande cha chuma cha kushikilia mlango wa chumba cha mbele. Mizani ilisoma kilo moja na nusu. Nikatoa kilo mbili kama kawaida, moja ya gunia na moja ya umande. Jibu: nusu kilo, hasi. Nikaandika.

Bodi nzima ya mashua: kilo 2,940. Nimejumlisha mara tatu. Mtu aliyekuwa karani wa kupima majani ya wakulima kwenye kituo cha majani chai kwa miaka kumi na tisa hakosei kujumlisha.

Kwa kumbukumbu. Urefu mita tisa. Upana mita mbili na sentimita themanini. Mabamba ya chuma ya milimita nne. Imesimama uani kwangu, kati ya zizi na choo, kilomita mbili kutoka Kapkatet. Ziwa liko mbali, chini kabisa ya mteremko, saa mbili na zaidi kwa lori. Kila mpita njia hunikumbusha, kana kwamba mimi ndiye niliyelisahau.

Chanzo: miaka mitatu iliyopita, Kisumu, nilikokwenda matangani. Niliona familia ya wageni ikiishi ndani ya mashua ya chuma. Mama alikuwa akipika. Mtoto alikuwa akianika soksi. Walikuwa wametembea nchi nyingi hivyo hivyo, wakiwa na soksi zao. Nikaamua. Kisumu, Mwanza, Bukoba, Entebbe, kisha nyumbani. Watu watano, wiki nne.

Iwe Agosti au basi. Cheptoo, kifungua mimba wangu, anaingia chuo kikuu Septemba. Akishaondoka, watoto wangu hawatakusanyika tena mahali pamoja isipokuwa kwenye mazishi, na moja la hayo litakuwa langu.

Jioni mke wangu Edinah amerudia sharti lake. Mashua ikielea kwenye laini nitakayoichora mwenyewe, wote watapanda, hata yeye asiyejua kuogelea. Isipoelea hapo, inakuwa shimo lake la saileji, la kuhifadhia lishe ya ng'ombe. Majani yake ya nepia yamefika urefu wa mtu na hana pa kuyashindilia. Kisha akaizunguka bodi akiipima kwa hatua. Sikupenda alivyotingisha kichwa kwa kuridhika.

Jumanne, 8 Julai

Nimechora laini. Hesabu si ngumu. Uzito wa mashua ndio unaosema itazama kiasi gani. Ukijua kilo, unajua maji yatafika wapi. Mimi najua kilo. Laini nyeupe, unene wa kidole, kuzunguka mashua yote.

Phelix Omollo alikuja nikiwa namalizia upande wa choo. Ni jirani yangu na fundi wa mitambo kiwandani, mzaliwa wa ziwani. Babu yake aliunda mashua. Ndiye aliyechomelea mabamba haya Jumamosi baada ya Jumamosi, akilalamika kila Jumamosi. Anaamini mashua ni mbao na chuma ni cha sufuria. Alisema bodi yangu inaonekana nzito. Nilimwambia uzito hauonekani, uzito hupimwa.

Akauliza nilipima na nini. Nikamwonyesha mizani yangu ya saa, ile ya kuning'inia. Kituo kilipoletewa mizani za kidijitali, hii ilitupwa, nikaiokota. Inaning'inia kwenye boriti ya zizi. Haivuki kilo hamsini, kwa hiyo kila bamba lilikatwa mara mbili, likapimwa, kisha ndipo yeye akaliunga. Kila ubavu. Kila kipande. Hakuna kilichoingia kwenye mashua bila kupita mizanini.

Phelix alisema hilo kweli ni jambo la maana. Nilishtuka kidogo. Hajawahi kunisifu.

Edinah amemteua kuwa mwamuzi. Jaribio ni Jumamosi, kwenye bwawa la Kipkurui, mita mia tatu chini ya boma letu. Kipkurui amekubali mradi ng'ombe wake wasizuiwe kunywa.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi.

Phelix aliomba aangalie daftari. Nilimpa kwa fahari. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akasoma kurasa nne, kisha akamwita Edinah, kisha akamwita Cheptoo. Alitaka kujua kwa nini vipande 137 vya mashua vina uzito hasi.

Nilieleza kwa utulivu. Kila kipimo hutolewa kilo mbili. Gunia na umande. Kipande kikiwa chini ya kilo mbili, hesabu haina budi kwenda upande wa pili. Ndivyo kazi ilivyo.

Phelix aliuliza kama bamba la chuma lilikuwa ndani ya gunia. Nikasema hapana. Akauliza kama lilikuwa na umande. Nikasema asubuhi nyingine, kidogo.

Akafikiri. Akauliza: nikiongeza vile vipande vidogo vya kutosha, mashua itapaa? Edinah alilazimika kushika ukuta wa zizi.

Nikasema karani hapimi bila kutoa. Mkono wenyewe unajua. Hapo ndipo aliponijibu, polepole, akinirudishia daftari langu:

“Karani, miaka kumi na tisa umetukata sisi wakulima. Sasa hakukubaki mtu, umejikata mwenyewe.”

Yeye ana vichaka mia nane vya chai nyuma ya nyumba. Alikuwa akiniletea majani kila wiki. Sikujua kwamba alikuwa akihesabu.

Cheptoo ndiye aliyepiga hesabu, kwa simu, bila kuulizwa. Vipimo 412 mara kilo mbili: kilo 824. Uzito halisi wa bodi: kilo 3,764.

Alhamisi, 10 Julai

Sikulala vizuri lakini nimeamka na suluhisho. Kilo 160 huizamisha mashua yangu sentimita moja. Kilo 824 ni sentimita tano na kidogo. Kwa hiyo laini haikukosewa; iko chini ya mahali pake kwa sentimita tano tu. Ikisogezwa juu, ukweli utakuwa umerudi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa uani na kopo la rangi. Nikakuta mtu amekwaruza bodi kwa msumari, sambamba na laini yangu, kila baada ya hatua moja, kuzunguka mashua yote. Alama ndogo ndogo, safi; laini ikisogea, zitasema. Ng'ombe wetu wana alama masikioni. Sikutegemea kutiwa alama mimi.

Edinah alikuwa akikamua, mgongo wake kwangu.

“Baba Cheptoo,” akasema, “hiyo rangi kama ni ya choo, anza na mlango.”

Nimepaka mlango wa choo. Umependeza.

Ijumaa, 11 Julai

Kama laini haisogei, mashua ipungue. Hilo ni wazi, na nashangaa halikunijia jana.

Nilianza na sakafu ya mbao: nje. Kisha nikagundua haikuwa imepimwa kabisa, kwa kuwa bado haijapigwa misumari, na kuitoa hakupunguzi kitu kilichomo kwenye daftari. Nikairudisha. Kisha nikaitoa tena, kwa sababu mbao ni mbao. Wavulana wangu wawili walisaidia mara mbili za kwanza.

Mchana nilipata wazo lenyewe. Hewa. Mtungi mtupu wa plastiki ukitupwa majini huelea, na hauzamishwi kwa urahisi. Nimezunguka kwa majirani na kukusanya mitungi mitupu arobaini ya lita ishirini. Nimeipanga ndani ya mashua kuanzia mbele hadi nyuma, vifuniko vimekazwa. Lita mia nane za hewa. Kilo 824 zimekutana na mwenzao.

Sikumwambia mtu. Mitungi imefunikwa kwa turubai.

Jumamosi, 12 Julai

Saa tatu. Trekta, magogo kumi na mawili ya mikaratusi ya kutelezeshea, na watu sitini hivi ambao sikuwaalika. Mita mia tatu zilichukua saa mbili na nusu. Mashua ilikwama mara nne, mara moja ndani ya chai ya Kipkurui, ambaye alihesabu vichaka vilivyolala mbele yangu, kwa sauti.

Saa tano na dakika arobaini ikaingia majini. Haikupinduka. Haikuvuja. Niandike hayo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyataja. Ilielea imenyooka kama ng'ombe aliyesimama kukamuliwa. Cheptoo alinishika mkono. Hajafanya hivyo tangu darasa la tatu.

Kisha Phelix akavua viatu, akaingia majini na tepu.

Laini ilikuwa chini ya maji. Aliita vipimo, mbele, katikati, nyuma, na Edinah akaandika. Sentimita tano na nusu.

Hiyo nusu ilimtatiza. Kwa kilo 824 alitegemea tano na kidogo. Akapanda ndani, akafunua turubai. Akasema mitungi hii inafika kilo arobaini. Nikasema ndani yake mna hewa. Akasema mashua ilikuwa imejaa hewa tangu asubuhi, bure, bila mitungi.

Nikaifunika tena mitungi kwa turubai.

Edinah hakucheka. Alikuja akasimama karibu nami, akaangalia ile bodi, akaniambia ni kazi nzuri na imechomelewa vizuri. Kisha akasema nepia itakatwa Jumatano.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Mhubiri alisoma habari za Nuhu. Aliapa mlangoni kwamba ilikuwa imepangwa tangu Mei.

Mvua kubwa mchana. Trekta haliwezi kushuka, ardhi ni uji. Mashua imebaki bwawani. Edinah anasema itatolewa pakikauka. Mimi nasema nimepewa muda.

Cheptoo ameanza kupanga nguo za chuo. Alinikuta mlangoni nikiangalia sanduku, akasema si lazima iwe ziwa, baba, tunaweza kwenda Kisumu sote siku moja tule samaki. Anakusudia mema. Nilimwambia samaki wanaliwa hata Kapkatet.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeelewa. Kosa halikuwa langu, wala la mizani. Ni maji.

Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi huyafanya mazito, na maji mazito huinua chuma zaidi. Hili ni jambo la kisayansi; hata Phelix alilikubali, ingawa alilikubali akiondoka. Bwawa la Kipkurui halina chumvi hata chembe. Nilipimwa kwa maji mepesi.

Bwawa lina mita za ujazo 600. Kulifanya bahari kunahitaji kilo 35 kwa kila mita. Kilo 21,000. Magunia 420 ya kilo hamsini. Cheptoo amepiga hesabu yake: baada ya magunia yote 420, mashua itapanda nusu sentimita. Nimemjibu kwamba tano na nusu ukitoa nusu ni tano, na tano ni afadhali.

Nimenunua mawili kwa kuanzia, chumvi ya ng'ombe. Nimeyamwaga ukingoni jioni.

Jumanne, 15 Julai

Ng'ombe wa Kipkurui wamegundua ukingo. Wanaulamba. Wakishalamba wanakunywa. Ng'ombe wa ng'ambo ya kilima nao wamesikia, sijui kwa njia gani, na wamevunja ua mara mbili kuja. Kipkurui amekasirika asubuhi, amekamua jioni, hajakasirika tena. Amefungua bomba la chini la bwawa ajaze mahori yote kwa ajili ya wageni. Limekuwa wazi tangu saa kumi na mbili.

Jumatano, 16 Julai

Nimeshuka bwawani saa moja asubuhi. Maji yamepungua shibiri moja usiku kucha. Laini inaonekana. Yote, kuzunguka mashua. Sentimita nane juu ya maji. Nimepima mara tatu, na sikutoa chochote.

Magunia mawili tu!

Nikapanda. Mashua haikutikisika hata kidogo. Nikaruka sitahani. Haikutikisika. Uthabiti wa namna hii hata ile ya wageni kule Kisumu haikuwa nao.

Saa nne Edinah akafika na akina mama kumi na wawili wa kikundi chake, nepia imekatwakatwa, imefungwa mizigo. Akasema trekta halina haja ya kusubiriwa, mashua imekaa kwenye tope, watashindilia saileji hapo hapo ilipo. Phelix alikuwapo. Aliisukuma bodi kwa mguu, akakubaliana naye.

Sikubishana. Niliketi kwenye jiwe na daftari, nikaangalia laini.

Walipakia hadi saa nane. Mizigo 96. Wakapanda juu yake wote kumi na watatu, wakaikanyaga huku wakiimba. Kwa makadirio ya chini, tani mbili na nusu za nepia, ukiacha akina mama, ambao sikuona busara kuwauliza uzito wao.

Laini haikushuka hata unywele.

Nimepiga hesabu upya nyumbani. Mzigo: tani mbili na nusu. Kuzama: sifuri. Hakuna mashua ya familia ninayoijua yenye nguvu hizo. Hatuhitaji kwenda Agosti tukiwa tumebanana, watu watano na soksi zao. Tunaweza kubeba kitanda cha Edinah. Tunaweza kubeba ng'ombe mmoja wa maziwa. Chakula chake tayari kimo ndani.

Nimemwambia Cheptoo asifunge lile sanduku. Nimemwambia Phelix pia kuna nafasi, yeye na mkewe Syprose, maana ana haki ya kwenda kwao akiwa amekaa. Akasema asante, Karani, lakini akaomba nimweleze safari hiyo itaanza vipi.

Nimemjibu kwamba jambo hilo ni la mwisho na jepesi. Ziwa liko chini ya mteremko, na maji hushuka yenyewe; kesho nitamwona Kipkurui kuhusu urefu wa bomba.