Kongoro, Magadi na Vidonge vya Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza shajara hii na naapa kuandika kila kitu, hata yanayoniaibisha. Nina hasira.

Mwalimu Rachelle atapeleka kazi moja tu ya darasa letu kwenye maonyesho ya sayansi mjini Saint Paul. Moja. Velma Wanjala anaitaka. Yeye anayeyusha theluji kwa chumvi, kitu ambacho mji wetu mzima wa Crystal unafanya kila asubuhi mlangoni.

Mimi nina jambo la maana. Bibi yangu Bukoba anameza ibuprofeni kwa ajili ya magoti, na tumbo linamchoma. Nimesoma kwamba dawa hiyo ina mkia wa asidi. Ukiufunga mkia huo kwa asidi amino, yaani zile shanga ndogo zinazojenga protini, tumbo linaweza kunusurika, kisha mwili unafungua fundo na dawa inatuliza uvimbe. Panya waliojaribiwa walipata vidonda vichache zaidi tumboni.

Mwalimu amesema wazo ni zuri sana, ila niliandike tu. Nisome, nichore, nieleze. Nisipike chochote.

Kuandika tu. Nani alishinda kwa karatasi?

Jumatano, 5 Machi

Nimepika.

Kongoro limejaa asidi amino, ndiyo maana supu yake inaganda. Mama alikuwa zamu. Nikachukua miguu miwili ya ng'ombe kwenye friza, na vidonge ishirini vya ibuprofeni kutoka chupa ya vidonge mia tano iliyo ndani ya sanduku la kumpelekea Bibi. Nikatwanga, nikachemsha kwa muda wa saa tatu. Supu ikawa na rangi ya matofali.

Mjomba Mudrick, anayesoma kemia chuo kikuu na kulala chini kwenye besimenti yetu, alichungulia sufuria. Akasema dawa na asidi amino nimeziweka chumba kimoja tu, sijazifungisha ndoa. Eti kuunganisha kweli kunahitaji maabara, kusafisha, na kuthibitisha. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Nilimwambia ana wivu. Hakukanusha.

Alhamisi, 6 Machi

Karatasi ya litmasi imekuwa nyekundu. Asidi bado ipo. Nimejaribu mara nne. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikaipiga sufuria teke. Kidole kimevimba.

Halafu nikakumbuka kwamba Mama akitaka kongoro lilainike haraka hutia magadi. Nikatia kijiko kimoja, kusaidia fundo lifunge.

Bluu! Nimepiga picha kumi na moja.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika, lakini niliapa.

Nilionyesha picha darasani. Wote wakasogea, wamevutiwa. Mwalimu akainama kuzitazama. Katika watoto ishirini na sita, mmoja tu angeweza kujua siri yangu, na ndiye aliyenyoosha mkono: Velma.

"Dafrosa, umeweka magadi, si ndiyo?" Kwa Kiswahili, polepole, kama ananisaidia.

Nikasema kidogo tu.

"Hata shosho wangu akitia magadi kwenye mboga ya mrenda, litmasi yako itakuwa bluu," akasema, kisha akamtafsiria Mwalimu kila kitu. Darasa lilicheka dakika nzima. Tunaimba kwaya moja, huyu.

Mwalimu hakucheka. Ilikuwa mbaya zaidi. Akanibakiza. Akasema kurasa zangu mbili za kueleza lile fundo ni bora kuliko zote alizosoma mwaka huu. Nikimletea kurasa kumi Jumatatu asubuhi, Saint Paul ni yangu. Akisikia nimepika tena, anakwenda Velma.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amekuta sufuria. Yeye ni muuguzi, kwa hiyo sikupigiwa kelele, nilihojiwa. Vidonge vingapi? Nani ameonja? Ningejua vipi kama Baba angejipakulia? Nimesugua sufuria mara tatu, kisha akaitupa.

Akampigia Bibi simu kuuliza habari za tumbo. Bibi akaeleza bila wasiwasi kwamba humeza vidonge alfajiri, tumbo tupu, kwa kahawa kavu. Mama akafumba macho. Amemwambia aache kabisa mpaka aende hospitali, na shangazi atampeleka.

Simu moja. Mimi nimetwanga wiki nzima. Nimekasirika mpaka nimelia, na Mjomba Mudrick akaniletea maandazi.

Jumapili, 9 Machi

Kurasa kumi zimekwisha. Ni nzuri, nasema mwenyewe. Fundo nimelichora kwa rangi tatu. Mjomba amezisoma na hajacheka hata mara moja.

Kanisani Velma alininong'oneza eti nisisahau kutia chumvi kwenye supu yangu. Nikamwambia tutaonana Saint Paul, yeye akiwa mtazamaji.

Ila ukurasa wa saba una nafasi tupu, kubwa kama picha moja. Inaniudhi. Nimemtumia Mjomba ujumbe huko chini:

"Shikamoo mjomba. Dagaa wakichemshwa bila magadi kabisa, asidi amino zao zitaishika dawa? Nijibu sasa hivi tafadhali, Mama anatoka zamu saa moja na maji yameshaanza kuchemka."