Mama Mkwe Amebaki Maracha

Jamaa zangu wa gereji,

Leo nimevuliwa nguo hadharani, tena msibani. (Suruali ninayo. Kilichoniponyoka ni kikubwa zaidi.) Nawaandikia jioni hii hii kutoka Koboko, barua nampa dereva wa lori la tumbaku awaletee Arua, muisome kabla hamjasikia kwa watu wengine. Wao wataongeza chumvi. Mimi nawapa kitu chenyewe kilivyo, nacho kinatosha.

Asubuhi hamjafika kazini, mtu alinijia na habari. Shemeji yangu Rajabu amefariki alfajiri, huku Koboko, kwa ile homa. Mke wangu Zaitun alikuwa naye, maana alikuja wiki jana kumuuguza kaka yake. Nilikaa chini kwenye oili, nikalia. Rajabu alikuwa shemeji, lakini alikuwa rafiki kwanza. Yeye ndiye aliyenipatia mke, halafu akanicheka kwenye harusi.

Mmekuta ile nyumba ya bati haipo nyuma ya gereji. Nimeichukua mimi. Mnakumbuka yule Mzungu mpima ardhi alipoondoka mbio mbio akatuachia pikapu mbovu yenye nyumba mgongoni: kitanda, kabati, dirisha na pazia lake. Pikapu ilikwisha, lakini Rajabu akakataa nyumba ioze. Tuishushe, alisema, tuitie magurudumu yake, tuivute kama tela. Atazunguka nayo masoko ya mpakani na vitenge vyake, usiku alale kitandani kama bwana mkubwa. Ekseli tulitoa kwenye lori lililopinduka. Sakafu iliyooza tukaing'oa, tukapiga mbao za mvule. Taa za nyuma alizifunga mwenyewe, na zilipowaka alipiga vigelegele kama mwanamke aliyepata mjukuu. Pini ya kuunganishia tulichonga kutoka shafti kuukuu. Kilichokosekana ni mnyororo wa kuishika tela pini ikitoka, na kile kibanio cha kuizuia pini isiruke. Siku hizi vipuri vinatafutwa kama sukari. Nikafunga waya.

"Waya?" aliniuliza Rajabu.

"Ya muda tu," nikamwambia. (Na ninyi mnaujua muda wa fundi.)

Alikuwa amesema abiria wa kwanza atakuwa mama yake. Basi leo amekuwa.

Shangazi zake walitangulia na lori la asubuhi. Mama mwenyewe alishindwa kupanda, magoti hayakunjiki. Kumweka mbele kwenye pikapu yangu, ubavuni kwangu? Haiwezekani! Kwetu Wanubi mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawasemeshani ana kwa ana. Tangu nimuoe Zaitun, mama yule nimemjua kwa sauti na kwa visigino. Zaitun ndiye aliyekuwa mdomo wetu, na leo mdomo ulikuwa Koboko. Nikafunga tela, nikaweka ngazi, nikamgeuzia mama mgongo akipanda. Kisha nikalisemesha gurudumu.

"Gurudumu, sasa tunakwenda. Mutu akitaka kusimama, apige bati."

Mama naye akalijibu gurudumu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Gurudumu, ambia yeye asichelewe. Mimi nataka kuona uso ya mtoto yangu kabla watu nafunika yeye."

Hayo tu ndiyo aliyoyataka. Mazishi yalikuwa baada ya alasiri, na wanawake hawaendi makaburini. Jeneza likishatoka nyumbani kabla hajafika, ndiyo basi tena, hatamwona mwanawe mpaka kiama. Nilijiapiza kwamba nitamfikisha hata kwa kusukuma.

Nikaingia garini. Nikatazama kioo cha pembeni, na nani ninamwona? Mama mkwe, dirishani, mzima mzima! Nikafumba macho. Nikatoa mkono, nikakigeuza kioo kikatazama mbingu. (Adabu, ndugu zangu. Mama yangu mzazi angejivunia.) Nikaondoka Arua nikiona mawingu yote ya nyuma yangu na si kitu kingine.

Mpaka Manibe nilikuwa nalia polepole. Baada ya hapo nikalia kwa sauti, maana nani atanisikia? Nilimsemesha Rajabu njia nzima. Nilimwambia amenifanyia vibaya, kwamba mtu hatoki duniani ameacha taa za nyuma amezifunga na hajazitumia. Karibu na Maracha kuna kilima kibaya, mvua imekichimba mashimo. Gari likaruka, likatua kwa kishindo. Na mara likawa jepesi! Injini ikaimba. Kilima kilichokuwa kinanitesa nikakipanda kama mtu anayeshuka.

Nikasema, subhanallah, ni Rajabu huyu. Anamsukuma mama yake.

Nililia zaidi. Nilimshukuru. Nilimwambia, "Sukuma, shemeji, sukuma!" Na tangu hapo nilipiga mbio hadi Koboko, na vumbi lilinifuata, na mama hakupiga bati hata mara moja. Nikasifu uvumilivu wake.

Nilifika jua bado liko juu. Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa kanzu nyeupe. Wanaume walisimama waliponiona, wanawake ndani wakapandisha kilio. Nikashuka kwa heshima, macho chini. Nikatangaza:

"Mama amefika."

Watu wakanyamaza. Nikajua wameguswa. Sasa ikabaki kumfungulia mlango, nami siwezi kumtazama, kwa hiyo nikageuka, nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea nyuma ya gari, mkono mmoja umenyooka mgongoni unatafuta kitasa. Nikapapasa. Hewa. Nikarudi hatua nyingine, nikapapasa tena. Hewa! Nikainama, labda kitasa kiko chini. Nikapapasa huku, nikapapasa kule, kama mtu anayejikuna mahali asipofika, mbele ya Koboko nzima.

Sheikh akanisogelea taratibu.

"Fundi, wewe natafuta nini?"

"Mlango, sheikh."

"Mlango ya nini?"

"Ya nyumba."

"Nyumba iko wapi?"

Nikageuka. Nikaona barabara. Barabara tupu, ndefu, mpaka inapokata kona.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akasema, "Kijana, wewe hapana nangalia kioo?" Nikamwambia niliona haya, mkwe alikuwa ndani yake. "Kioo hapana iko na mkwe," akasema. Kijana mmoja nyuma alishindwa, akacheka ndani ya kilemba chake. Zaitun alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba. Hakucheka. Aliniuliza neno moja tu, "Mama?" Nilitamani nizikwe mimi.

"Sisi nasali alasiri, halafu natoka," sheikh akaniambia. "Maiti hapana nangoja. Kwenda!"

Nimeendesha magari tangu nikiwa na ndevu tatu, lakini sijaendesha kama leo. Kioo nilikigeuza. Nilipokaribia kile kilima cha Maracha nikaiona nyumba yetu imeingia kwenye shamba la mihogo, imesimama wima, pazia bado linapepea. Na kuizunguka, kundi la wanawake. Wanalia! Wengine mikono kichwani, wengine wamekaa chini.

Nikajua nimemuua. Niliacha gari katikati ya njia, sikuzima hata injini. Rajabu alfajiri, mama yake mchana, na wa pili ni kwa mkono wangu na waya wangu. Nilikimbia.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati yao, mzima, mikononi ana kibuyu cha maji.

Aliyenieleza ni mwanamke mwenye shamba. Walisikia kishindo, wakaona nyumba inateremka pole pole kwenye mihogo yao bila gari, ikasimama. Wakaogopa, wakapiga mayowe. Kisha mlango ukafunguka, akatoka bibi wa Kinubi, akawatazama, akajua amefika msibani. Akapaza sauti, "Mtoto yangu iko wapi? Nionyesheni Rajabu!"

"Na ninyi mkafanyaje?" nikauliza.

"Sisi hapana najua Rajabu," akasema yule mwanamke, akipangusa macho kwa kitambaa cha kichwani. "Lakini mama nalia peke yake? Hapana. Mimi pia nilizika wangu."

Wakalia naye. Wanawake wa Maracha, Wakristo watupu, jembe liko chini, wanamlilia muuza vitenge wa Koboko ambaye hawajapata kumwona, na wanamwita "Lajabu, Lajabu." Hapo hata mimi niliketi kwenye tuta la mihogo nikalia nao kidogo. Kisha nikakumbuka alasiri.

Pini haikuonekana. Tela haifungiki. Ikabaki kiti cha mbele, ubavuni kwangu. Sikujua nilisemeshe kitu gani, gurudumu lilikuwa limezama kwenye udongo. Mama akanitatulia. Alipanda kwa kusukumwa na wale wanawake, akavua mtandio wake wa juu, akautundika katikati yetu kutoka kwenye paa la gari. Tukaenda hivyo. Mimi upande huu wa pazia, yeye upande ule, gari moja vyumba viwili. Mtandio ukinigusa sikio narukia mlangoni. Yeye alikuwa anasema neno moja tu, tena na tena, sijui kwa nani: "Haraka. Haraka."

Tulipoingia Koboko walikuwa wameshatoka.

Tuliwaona mbele, barabarani, jeneza liko begani, wanatembea upesi kama inavyotakiwa. Nikapiga honi. (Ndiyo, nililipigia jeneza honi. Andikeni na hilo.) Sheikh akainua mkono, wakasimama. Mama akaushika ule mtandio akaung'oa. Akanishika mkono wangu, juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Shika mimi," akasema. "Miguu hapana."

Hakulisemesha gurudumu. Alinisemesha mimi. Nikamshika kiunoni, nikamtembeza mpaka pale, wakaliteremsha jeneza kwenye murramu nyekundu ya barabara, wakamfunua Rajabu uso. Alimtazama. Alimpangusa vumbi kwenye kipaji cha uso, vumbi ambalo halikuwapo. Haikuchukua muda mrefu. Nami kwa kuwa nilikuwa nimemshika asianguke ilinibidi nimtazame, na ndipo nikaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Ni uso ule ule. Pua ile, mdomo ule. Miaka yote nimekwepa kumtazama mama huyu, na kumbe nilikuwa nautazama uso wake kila Rajabu alipokuja gereji.

Wakamfunika. Wakamchukua. Nikawafuata makaburini, mama akarudishwa nyumbani, akabaki na Zaitun.

Sasa nimekaa nje, naandika kwenye goti. Habari imeshaingia ndani kwa wanawake, maana nimemsikia Zaitun anawasimulia nilivyopapasa hewa. Halafu nikasikia mama anacheka. Anacheka kweli, kicheko kifupi, kikakatika kikawa kilio. Kisha akasema, "Sema tena. Pale yeye natafuta mlango."

Basi kesho mkija kuhani, msinicheke usoni, nimeshapata changu cha leo. Lakini mtakaoshindwa kujizuia, tafadhali, nendeni mkachekee karibu na dirisha la mama, tena kwa sauti.