Muuza Papa wa Lindi Asiyeijua Lindi

Jumanne, 9 Agosti 1994. Tandahimba.

Nimeondoka Newala alfajiri kwa baiskeli. Dada yangu Anastasia nimemwambia nakwenda Lukuledi kumwona mgonjwa. Uongo mdogo. Nimeutubia kabla hata ya kuusema.

Ukweli ni huu. Jumapili wanakuja watu wa Emmanuel, fundi redio wa Mikindani, kumalizia posa ya Oliva, binti wa Anastasia. Mimi ndiye mjomba. Kwetu mjomba akikohoa tu, harusi inasimama. Oliva amemngoja kijana huyo miaka mitatu, amekataa wachumba wawili. Lakini nimtoe mtoto kwa watu nisiowajua? Nitafika kwanza, kimyakimya, niwachunguze kabla hawajanichunguza. Mpango safi!

Pancha mbili. Nimepewa kitanda kwa katekista.

Jumatano, 10 Agosti. Mikindani.

Nimefika, nyonga zinawaka moto. Hosteli ya Mama Stamili, mpya kabisa. Siku hizi kila mwenye nyumba anafungua hosteli. Chumba kimoja, vitanda vitatu. Kwenye daftari la wageni nimeandika: Nikolao, muuza papa mkavu, Lindi. Nani atamshuku muuza papa?

Wenzangu chumbani ni wawili. Abdulazizi ana marobota ya mitumba. Zamani tungemwita mlanguzi. Sasa ni mfanyabiashara, na anaswali kwa wakati kuliko mimi ninavyosali. Wa pili ni Bwana Dunstan, mnene, mpole, mwenye miwani. Anangoja lori la kupanda bara kwa mambo ya kifamilia. Kwao wapi? Lindi! Lo! Akaniuliza mimi nakaa Lindi sehemu gani. Nikasema karibu na bahari. Akasema Lindi nzima iko karibu na bahari. Nikasema ndiyo, hapohapo.

Alhamisi, 11 Agosti.

Uani kuna bomba. Unafungua, maji yanatoka. Unafunga, unafungua tena, bado yapo! Kwetu Agosti hii ndoo moja ni kushuka bondeni na kupanda na Mungu mdomoni. Nimeoga makopo mawili, maji nikayakinga kwenye beseni, nikafulia shati, nikaoshea baiskeli, yaliyobaki nikamwagilia maua ya Mama Stamili. Abdulazizi akaniuliza kama naumwa. Bwana Dunstan alitazama tu. Akafuta miwani. Akatazama tena.

Kisha nikajaza kila chombo nilichokiona, maana bomba si la kuaminika. Mama Stamili akaja juu: nani ametia maji kwenye masufuria ya pilau, kwenye birika, na kwenye galoni ya mafuta ya taa? Nikamtazama Abdulazizi kwa huzuni. Mungu anisamehe.

Mchana nikapeleka redio kwa Emmanuel. Ilikuwa nzima, waya nimeuchomoa mwenyewe. Kijana akaniamkia vizuri, akaurudisha waya, akakataa malipo. Akasema mzee, huu ni waya tu umechomoka, nenda kasikilize taarifa ya habari. Kijana safi. Bado ukoo wake.

Ijumaa, 12 Agosti.

Ee Bwana! Tulikuwa tunakunywa chai, mimi na Dunstan. Akanifungulia moyo kama rafiki: yeye ndiye mjomba wa Emmanuel. Anapanda Newala kuwatazama watu wa mchumba. Je, katika kuzunguka kwangu na papa, nimewahi kumsikia mjomba wa binti, mzee wa kanisa aitwaye Arthur?

Arthur ni mimi!

Nikafikiri upesi. Nikimsifu, atanishuku. Mtu wa Lindi amsifu mtu wa Newala bure, tangu lini? Basi nikamponda. Nikasema Arthur huyo ni mbishi. Kanisani anaishinda kwaya nzima kwa sauti, na hajawahi kuupata wimbo. Anakoroma kama mashine ya kusaga. Kisima chake cha maji ya mvua kina ufa tangu mwaka juzi, naye huwaambia watu kimejaa. Dunstan akauliza habari za kisima nimezijuaje. Nikasema nilimpelekea papa, nikaomba maji ya kunywa, akaninyima.

Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema kama mjomba ndiye huyo, labda posa wairudishe nyuma. Kijana wao asiingie kwa watu wanaonyima maji.

Nikasema lakini ana moyo mzuri. Akauliza, aliyekunyima maji? Nikasema alininyima kwa upole.

Jumamosi, 13 Agosti. Newala.

Niliwaaga kwamba narudi Lindi. Lori la Newala lilikuwa moja tu. Dunstan alikaa mbele na dereva, mimi juu ya marobota, chini ya turubai, nimekumbatia baiskeli. Abdulazizi akaniinulia turubai, akauliza Lindi imehamishiwa huku lini. Nikanunua kwake miwani ya jua ili anyamaze. Nimeshuka kabla ya kufika mjini.

Mpango: kesho ninaumwa. Nimejilaza, nimefunga kitambaa kichwani. Oliva akaniletea uji. Akasema mjomba, usipoinuka kesho hakuna wa kuniitikia. Alitabasamu, lakini machozi yalidondokea bakulini. Nimeunywa uji wote. Ulikuwa na chumvi. Ni haki yangu.

Nitainuka. Nina miwani.

Jumapili, 14 Agosti.

Nimesoma somo la kwanza kwa miwani ya jua. Nimeruka mistari minne, sikuiona. Dunstan alikaa kiti cha mbele, ameinamisha kichwa. Nilidhani anasali. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Nyumbani, wazee wote wamekaa, Anastasia akanitambulisha. Dunstan akanipa mkono, akauliza habari za Lindi, Bwana Nikolao, na papa je, wameuzika?

Anastasia akasema Lindi gani, huyu alikuwa Lukuledi kwa mgonjwa. Oliva alishika ukuta.

Nikavua miwani. Nikasema makosa yote ni yangu, mtoto hana lake, wasimwadhibu. Sikuwa na mpango wowote wakati huo. Ajabu.

Dunstan akacheka mpaka akakaa. Akasema Alhamisi ileile alijua huyu ni mtu wa Newala: wapi mtu wa pwani akaoga, akafulia maji yaleyale, akaoshea baiskeli, akamwagilia maua? Ijumaa akajua ni Arthur, maana jirani humsemi kwa undani kiasi kile, hujisema mwenyewe. Kukoroma alikuwa ameshakuhakikisha kwa masikio yake, usiku mbili. Alikuja kutafuta kasoro za mjomba, na mjomba amemsomea zote kwenye chai. Imebaki moja, ya kunyima maji.

Nikakimbilia kisimani. Lililobaki chini, kopo moja. Nikampa lote. Akanywa nusu, nusu akampelekea Oliva. Posa imepokelewa! Vigelegele. Nimelia kidogo, kwa upole.

Jumatatu, 15 Agosti.

Nimemshukuru Mungu. Nimefikiri sana pia. Kosa liko wazi: Lindi. Ningesema natoka Kilwa, wasingenipata.

Binti yangu Ethel amepata barua kutoka kwa kijana mmoja wa Nachingwea, na shemeji yangu, mjomba wake, ni mzembe, hatachunguza chochote. Jumatano natoka. Nitakuwa muuza nazi wa Kilwa, jina Furaha. Na nitaoga ndoo mbili nzima, mbele ya watu.

Anastasia nimemwambia nakwenda Lukuledi, yule mgonjwa amezidiwa. Amesema nimsalimie Bwana Nikolao.