Abiria Kumi na Wawili wa Yoti Subira

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata kazi ya harusi. Nimemnyang'anya Germano mchana kweupe. Alikuwa amekaa na Bi Rehema, shangazi wa bi harusi, akimwonyesha picha za boti yake kwenye simu. Bi Rehema anataka kupeleka watu kisiwani Vamizi Jumamosi, wapate chakula cha mchana huko na kurudi. Watu kumi na tisa. Germano akasema boti yake mwisho ni kumi na wanane. Nikadakia kwamba yoti yangu inabeba kumi na tisa bila wasiwasi.

Yangu si yangu hasa. Mwenyewe yuko mjini Pemba, kusini kwetu, mimi naikodisha. Na kibao kilichopigiliwa mlangoni kinasema: abiria 12, mabaharia 3.

Bi Rehema amenishika mikono yote miwili akaniombea dua. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetundika taulo juu ya kibao. Nahodha Lázaro akauliza taulo la nini. La pambo, nikamjibu.

Lázaro ni mtu wa bara, wa Mueda. Bahari kaijulia ukubwani, kwa hiyo anaiogopa kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Amesema akiona kichwa cha kumi na tatu, yeye anashuka. Nikamweleza kwamba kumi na wawili ni abiria. Wale saba waliobaki watakuwa mabaharia. Akasema mabaharia mwisho watatu. Nikamwambia hicho ni kima cha chini. Akanitazama mpaka nikageukia pembeni.

Alhamisi, 7 Agosti

Orodha ya majina lazima ifike ofisi ya bandari kabla ya safari. Nimeiandika mara nne, jasho linadondokea karatasi. Abiria kumi na wawili. Mabaharia tisa: Lázaro, mimi, na wale saba. Bi Rehema nimemwandika fundi wa mashine. Mjomba wa bwana harusi, mwenye goti bovu, mpiga mbizi. Nyanya wa bwana harusi, aliyetimiza miaka themanini, mtupa nanga.

Jaketi za kuokolea ninazo kumi na tano. Nimemwomba Germano sita. Kanipa bila kuuliza za nini. Hilo limenitisha kuliko kama angeninyima.

Ijumaa, 8 Agosti

Mkaguzi wa bandari kaja leo, Dona Joaquina, mwanamke wa kalamu mbili mfukoni. Kaingia chumba cha mashine, katoka na grisi mikononi, katafuta pa kujifutia. Kachukua taulo.

Akakisoma kibao. Kisha akanitazama mimi. Akaomba kuwaona mabaharia wangu, na kwa bahati mbaya walikuwepo wote, nilikuwa nimewaita kujaribu jaketi.

"Mama, wewe ndiye fundi wa mashine?"

"Ndiye mie, mwanangu," akasema Bi Rehema.

"Mashine ikipata moto kupita kiasi, unafanyaje?"

Bi Rehema akafikiri kwa makini. "Naipepea."

Dona Joaquina akaweka rula juu ya orodha, akakata majina saba. Halafu akanivuta kando. Kaka yake alizama hapa hapa ghuba ya Tungue, akaniambia, kwenye boti ya watu wanane iliyopakia kumi na watano. Walimtafuta siku tatu.

"Namba ile hakuiandika mtu anayekuchukia, senhor Saide."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nawaza Germano akisikia atacheka vipi. Bi Rehema akasema nisijali, wao saba watajua la kufanya.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa bado na nguo zilizolowa.

Tumeondoka saa mbili asubuhi, abiria kumi na wawili. Upepo mkali tangu mwanzo. Katikati ya njia mashine ikakohoa, ikazima. Lázaro akafunua kifuniko: bomba la kupozea limepasuka, maji yamejaa chini, na pampu inatoa kidogo kuliko yanayoingia. Wageni wakavaa jaketi. Zuleica, bi harusi mwenyewe, hina hadi viwikoni, akashika ndoo akaanza kuteka na kumwaga. Mumewe naye. Mimi nami. Kila wimbi likija, maji yalibakiza shubiri moja kufika ukingoni.

"Tungekuwa na wale saba," akasema Lázaro bila kuacha kuteka, "sasa hivi tunaogelea."

Nikamwona yule nyanya wa miaka themanini majini. Hakuwemo, lakini nilimwona. Ndoo ikaniponyoka, ikaenda zake.

Aliyetuokoa ni Germano. Bi Rehema alikuwa amemkodi awalete wale saba nyuma yetu. Akatufunga kamba, akatuvuta pole pole kurudi mpaka ufukweni kwetu Palma, na sherehe ikafanyika hapo hapo. Bi Rehema alisimama kwenye boti ya Germano, akanipungia pepeo lake.

"Saide, fundi nimefika."

Wote wamecheka. Mimi nimelia, nikasingizia chumvi.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana nilishinda kitandani. Nimemwapia Lázaro kwamba sitazidisha abiria tena maisha yangu. Nimeapa kwa moyo safi. Bomba jipya limeshafungwa.

Leo wamekuja walimu, wanataka kutembea visiwani Alhamisi. Ishirini na wawili. Nikawaambia wazi kuwa yoti hii mwisho ni kumi na wawili, sheria ni sheria. Nilijisikia mtu mwingine kabisa. Wakainuka, wakauliza boti ya Germano inapatikana wapi.

Hapo akili ikanifunguka. Germano alituvuta mwendo mrefu vile na hakuna aliyeumia. Basi kumi na wawili watapanda yoti. Kumi watapanda mashua kuukuu ya shemeji yangu, ambayo haina mashine wala kibao, nayo itafungwa kamba nyuma yetu. Nimekisoma kibao cha yoti mara mbili. Hakisemi lolote kuhusu wanaovutwa.

Walimu wamekubali. Nimewaambia waje na kofia.

Lázaro nitamwambia tukishang'oa nanga.