Kobe wa Ukurasa wa Sitini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Redio imetangaza asubuhi. Spika mstaafu wa Bunge ameandika kitabu cha maisha yake. Ijumaa atakuja duka la vitabu la mjini kuwawekea wasomaji saini. Nilikuwa masjala, nafunga mafaili. Uzi ukanidondoka. Nilisoma naye! Dawati moja, miaka mitatu! Leo yeye ana kitabu. Mimi nina mafaili ya mabomba ya maji, mwaka wa ishirini na sita huu, na kiti kisicho na egemeo.

Nilishindwa kunyamaza. Nikaiambia ofisi nzima kwamba hesabu nilimfundisha mimi. Bwana Wino (meza inayonitazama, kalamu nyekundu, roho nyeusi) akauliza ilikuwaje mwanafunzi akafika Bungeni na mwalimu wake akaishia hapa. Wakacheka wote. Bosi naye! Nikaapa nitaleta kitabu ambacho Spika amekiri kwa mwandiko wake mwenyewe. Bwana Wino ataimeza hiyo kalamu.

Jumatano, 6 Machi

Nilikwenda dukani saa ya chakula cha mchana. Vitabu vyote vimefungwa nailoni. Muuzaji, binti mwenye miwani kubwa kuliko uso, ana nakala moja iliyo wazi, anailinda kama yai. Nikambembeleza. Akanionyesha picha za katikati tu. Darasa letu! Nipo! Mstari wa pili, nusu uso. Nusu nyingine imeliwa na kiwiko cha mtu. Chini yake: "Kobe, rafiki yangu wa dawati. Habari zake ziko ukurasa wa 61."

Kobe ni mimi. Waliniita hivyo kwa ajili ya shingo. Nikaomba kuuona huo ukurasa. Binti akafunga kitabu, akasema duka si maktaba.

Haidhuru. Mtu hapewi ukurasa mzima bure. Nimerudi masjala kichwa kimevimba, nikaandika kwenye ubao wa matangazo: KOBE NI MIMI. UKURASA WA 61. KASOMENI.

Mke wangu anasema ningesoma kwanza. Mwanamke huyu hajawahi kuniamini.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi amenikatalia ruhusa ya kesho. Bwana Wino amepewa! Anatumwa rasmi kununua nakala ya ofisi. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Lakini nimepata njia. Jirani yetu fundi cherehani alivunjika mguu mwaka jana, na magongo yake bado yako nyuma ya mlango. Nimeyaazima. Kwa bosi nitakuwa nimeteguka. Kwenye foleni nitakuwa wa kuhurumiwa, na wenye magongo hupitishwa mbele. Uongo mmoja, kazi mbili! Nimemwomba mke wangu anifunge bandeji kesho asubuhi. Alichojibu ni kwamba anashukuru watoto wameshahama.

Ijumaa, 8 Machi

Foleni ilianzia mlangoni, ikapita benki, ikapita duka la viatu, ikaishia kituo cha mafuta. Nikachechemea kwa ufundi. Mlinzi, mtu wa miraba minne, akanionea huruma, akaniingiza ndani, akanipa na kiti. Wa tatu kutoka mezani! Kupitia kioo nikamwona Bwana Wino juani. Nikampungia gongo.

Nisingempungia.

Akaja. Kwa upole mwingi akamwuliza mlinzi kama amegundua kwamba mgonjwa alishuka kwenye basi akivuta mguu wa kushoto, na bandeji iko mguu wa kulia. Mlinzi akanikazia macho.

"Mzee, hebu simama."

Nikasimama. Kwa miguu yote miwili, wima, kama askari. Miaka ishirini na sita nikiamriwa nasimama. Ningefanyaje?

Nilirudishwa mkiani. Saa tatu na nusu za jua. Mama mmoja nyuma yangu aliomba gongo moja aegemee, nikampa. Hakunishukuru. Alisema angalau sasa lina kazi.

Hatimaye zamu yangu, na kitabu nilichonunua mlangoni, nailoni haifunguliwi kabla ya saini. Spika amejaa mvi, kiganja amekifunga kitambaa kwa uchovu wa kuandika. Sentensi niliyotaka aniandikie nilikuwa nimeikariri. Akainua macho. Akaitazama shingo yangu.

"Kobe!"

Akainuka, akaizunguka meza, akanikumbatia mbele ya kamera. Nitasema kweli kwa sababu shajara hii haisomi mtu: nami nilimkumbatia kwa nguvu. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuinuka kitini kwa sababu nimeingia mimi.

Kisha, kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha Bunge zima, akaniuliza, "Umesoma ukurasa wa sitini na moja? Usinikasirikie, ndugu yangu. Tulikuwa watoto."

Nailoni zikachanika pande zote. Karatasi zikafunuliwa. Duka zima linatafuta ukurasa mmoja! Na mimi nikaufungua wangu.

"Kobe alinakili majibu yangu ya hesabu miaka mitatu. Siku ya mtihani wa mwisho alinakili mpaka jina langu. Mwalimu akajikuta na karatasi zangu mbili, na ya Kobe hakuna."

Kicheko kilianzia kwa mlinzi.

Spika peke yake hakucheka. Alikaa, akaandika polepole, akanirudishia kitabu kwa mikono miwili. Nilikisoma nje: "Kwa Kobe. Safari hii andika lako."

Jumatatu, 11 Machi

Ukurasa wa 61 uko kwenye ubao wa matangazo, umekuzwa mara tatu. Pembeni, kwa wino mwekundu: IMESAHIHISHWA. Bosi amenipa barua ya onyo, na gazeti lenye picha yangu nikikumbatiwa, mzima wa afya, gongo kwapani. Tarishi ameniita Mheshimiwa Kobe. Nimeitika kabla sijafikiri.

Hayo si kitu. Jioni mke wangu alikisoma kitabu mezani. Miaka yote nimemwambia kwamba cheti changu cha shule kiliungua kwenye moto wa nyumba ya mjomba. Alipomaliza aliuliza kama moto huo uliwahi kuwaka.

Nikasema Spika ana kijicho.

"Ungeniambia tu," alisema. "Mimi niliolewa na wewe. Sikuolewa na cheti."

Akaenda kuanua nguo. Alizikunja zake, akaziacha zangu kwenye kamba.

Alhamisi, 14 Machi

Habari kubwa! Kocha mstaafu wa timu ya taifa anaandika kitabu, kitatoka Juni. Nikakumbuka papo hapo. Tuliwahi kukaa viti jirani kwa kinyozi, yeye na mimi, nikamwambia beki wa kushoto hafai. Jumapili ileile beki akawekwa nje! Tukachukua kombe! Ushauri ulikuwa wa nani?

Nimewatangazia masjala wote, nimesimama juu ya kiti. Bwana Wino akauliza kama kocha alinisikia, au mashine ya kunyolea ilikuwa sikioni mwake. Wivu mtupu. Nimewaambia sura ya kwanza yote itakuwa yangu.